Kiranja na Baraza la Wanafunzi: Kazi ya Kiongozi Shuleni ni Ipi?

Kila mwaka hufika siku ambayo shule zetu huchagua wanafunzi wa kuwaongoza wenzao. Katika Nyeri, na katika miji mingine iliyouzunguka Mlima Kenya, kama vile Karatina, Kerugoya, Embu, Chuka, Meru na Nanyuki, jambo hilo ni habari kubwa shuleni na nyumbani pia. Mtoto hurudi jioni na beji kifuani, na wazazi wake hufurahi. Lakini mzazi akiuliza, "Kazi uliyopewa ni kazi gani?" mara nyingi hujibiwa, "Kuandika majina ya wapiga kelele."

Jibu hilo si la uongo, wala si la kuchekwa. Ndivyo watoto wengi walivyoiona kazi hiyo ikifanywa na waliowatangulia. Hata hivyo, sheria ya Kenya ya leo yataka zaidi ya hayo, na Nyeri yenyewe imekwisha kuona msiba uliowafanya watu waufikiri upya uongozi wa wanafunzi. Katika makala haya twataka kueleza uongozi huo ulitoka wapi, kwa nini umebadilishwa, na yapasa uendeshwe namna gani katika madarasa ya katikati, yaani Gredi ya 7, ya 8 na ya 9, ambayo sasa yaitwa Sekondari Msingi.

ASILI YA KIRANJA

Neno kiranja ni la zamani kuliko shule zetu. Katika jando, kiranja ni yule mtoto atahiriwaye kwanza kabla ya wenzake. Wenzake humtazama uso wake. Akijikaza, nao hujikaza. Akilia, nao huingiwa na hofu. Ukubwa wake, basi, haukuwa wa kuwaadhibu wengine. Alikuwa mkubwa kwa sababu alitangulia mahali pa maumivu.

Watu wa upande wa Mlima Kenya hawakuwa wageni wa mambo hayo. Miongoni mwa Wakikuyu, vijana waliotahiriwa pamoja waliitwa riika moja, neno ambalo ni ndugu wa neno letu la Kiswahili "rika". Kila riika lilipewa jina, na mara nyingi jina hilo lilitokana na jambo kubwa lililotokea wakati ule. Vijana wa riika moja walihesabiana kama ndugu, na aibu ya mmoja ilikuwa aibu ya wote. Kwa Wameru, wazee wa Njuri Ncheke walikaa barazani wakasikiliza mashauri kabla ya kutoa hukumu. Mambo haya mawili, kijana kutangulia mbele ya wenzake na wazee kusikiliza kabla ya kuamua, yalijulikana sana kabla ya shule ya kwanza kufunguliwa.

Shule zilipokuja, zilikuja na mpango wa namna nyingine. Huko Uingereza, Thomas Arnold, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya Rugby tangu mwaka 1828 hadi 1842, alisifiwa sana kwa kuwapa wanafunzi wa darasa la juu kabisa madaraka ya kuwatawala wadogo wao. Mpango huo ulienea katika shule za bweni za Uingereza, kisha ukavuka bahari pamoja na wamisionari na walimu wa Serikali ya kikoloni. Shule za misioni na za Serikali katika nchi hii zikawa na viranja wa namna hiyo.

Hatuna haja ya kusema kwamba mpango huo haukuwa na faida. Walimu walikuwa wachache na wanafunzi wengi. Kiranja aligonga kengele, aliwaamsha wenzake alfajiri, aliwapanga mistari, alisimamia ufagiaji wa uwanja, na aliangalia taa zizimwe kwa wakati. Wengi waliojifunza kazi hizo wakawa baadaye walimu, makarani na viongozi hodari. Lakini kasoro ilikuwamo ndani yake tangu mwanzo. Kiranja alichaguliwa na mwalimu, akatoa habari kwa mwalimu, na akaogopwa kwa ajili ya mwalimu. Wenzake hawakuwa na njia ya kumwambia neno lao alipeleke juu. Polepole yule aliyeitwa kiranja akafanana zaidi na nyapara wa shambani.

SHULE ZA KATI ZA ZAMANI

Yafaa kukumbusha kwamba shule ya kati si jambo jipya hapa. Baada ya taarifa ya kamati ya Beecher iliyotolewa mwaka 1949, elimu ya Waafrika wa Kenya ilipangwa katika vipande vya miaka minne minne: miaka minne ya shule ya chini, miaka minne ya shule ya kati, yaani darasa la 5 hadi la 8, na kisha miaka minne ya sekondari kwa wale wachache waliobahatika. Mpango huo ulidumu mpaka baada ya uhuru, ambapo taarifa ya tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilifungua njia ya kuwa na shule ya msingi ya miaka saba.

Katika shule za kati za wakati ule ilikuwapo ile ya Mtakatifu Cecilia, katika misioni ya Kikatoliki ya Mathari, Nyeri. Huko alisoma msichana mmoja kutoka kijiji cha Ihithe ambaye jina lake lilikuja kujulikana duniani kote, Wangari Maathai. Aliingia bwenini akiwa na umri wa miaka 11, akamaliza mwaka 1956 akiwa wa kwanza katika darasa lake, kisha akaenda sekondari ya Loreto, Limuru. Baadaye, mwaka 1977, alianzisha Green Belt Movement, chama cha kupanda miti, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Katika kumbukumbu zake alizoziandika alipokuwa mtu mzima, Wangari alieleza desturi moja ya shule ile. Ilikuwapo beji ndogo iliyoitwa "monita". Mwanafunzi aliyesikika akisema lugha ya nyumbani badala ya Kiingereza alipewa beji hiyo aivae, naye alikaa nayo mpaka amsikie mwingine akikosea, ampe yeye. Jioni, aliyekutwa nayo aliadhibiwa kwa kazi, kama kufagia au kukata nyasi.

Na tuangalie vizuri jambo hilo. Mtoto aliyevaa monita hakuwa na njia ya kujiokoa ila kumvizia mwenzake. Alisikiliza, lakini alisikiliza ili anase. Huo ndio mfano ulio wazi kabisa wa uongozi ambao masikio yake ni mtego. Desturi kama hizo zilikuwa za kawaida katika shule nyingi za zama zile, wala hatulitaji jambo hili ili kuitia lawama shule moja. Twalitaja kwa kuwa mtoto akizoezwa hivyo tangu darasa la 5, atadhani kwamba kumwongoza mwenzake ni kumkamata.

USIKU WA MEI 1999

Mwezi wa Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, wanafunzi kadhaa waliwafungia viranja wanne katika vyumba vyao walipokuwa wamelala, wakamwaga petroli na kutia moto. Viranja wote wanne walipoteza maisha. Nchi nzima ilishikwa na majonzi.

Hakuna sababu yoyote duniani iwezayo kuhalalisha uuaji ule. Waliokufa walikuwa wana wa watu, waliolala kama wanafunzi wengine. Lakini baada ya machozi swali lilibaki. Chuki kubwa namna ile ilikua wapi, hata isionekane na mtu mpaka imekuwa moto? Shule yoyote ambayo kiranja anakaa mbali na wenzake, ana chumba chake na haki zake za peke yake, na wenzake hawana mahali pa kupeleka manung'uniko yao, humweka kiranja huyo katika hatari bila ya kukusudia. Hasira inayostahili kuelekezwa kwenye mazungumzo na wakubwa humwangukia yeye, kwa kuwa ndiye aliye karibu.

Haikupita miaka miwili, mwezi wa Machi 2001, moto mwingine uliotiwa kwa makusudi uliwaua wavulana 67 katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Ndipo Serikali ikaunda kamati, iliyoongozwa na Bi. Naomi Wangai, ichunguze utovu wa nidhamu na fujo katika shule za sekondari. Mwaka huohuo wa 2001, adhabu ya viboko iliondolewa rasmi katika shule za Kenya.

MAMBO YALIVYOBADILIKA

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Mwaka 2008 fujo zilienea tena katika shule nyingi za sekondari. Mwaka 2009 Wizara ya Elimu, ikisaidiwa na UNICEF na chama cha walimu wakuu, ilianzisha mpango wa mabaraza ya wanafunzi katika shule za sekondari. Maana ya mpango huo ilikuwa kwamba wanafunzi wachague wenyewe viongozi wao, badala ya walimu kuwateua viranja, na kwamba viongozi hao wakae pamoja na wakubwa wa shule na kuzungumza nao mambo ya shule.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Sheria hiyo yataka kila shule ya umma iwe na halmashauri ya usimamizi. Ndani yake wamo wajumbe sita waliochaguliwa kuwawakilisha wazazi, yumo mjumbe wa walimu, wamo wajumbe wa wafadhili wa shule, na wengineo. Pamoja na hao wote, sheria yasema awemo mjumbe wa baraza la wanafunzi, aingiaye kwa cheo chake. Kwa hiyo mwanafunzi kuketi katika halmashauri si hisani ya mwalimu mkuu, bali ni jambo lililoandikwa katika sheria ya nchi. Sheria hiyohiyo yakataza mtoto kupigwa au kuteswa moyo shuleni. Ikiwa hata mwalimu haruhusiwi kupiga, seuze kiranja!

Msingi wa mambo haya ni mpana kuliko Kenya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto, uliopitishwa mwaka 1989 na kukubaliwa na Kenya mwaka 1990, wasema kwamba mtoto awezaye kuwa na maoni yake mwenyewe ana haki ya kuyatoa katika mambo yamhusuyo, na maoni hayo yapewe uzito kwa kadiri ya umri na akili yake. Mkataba hausemi kwamba mtoto atatawala. Wasema kwamba atasikilizwa.

SEKONDARI MSINGI NA HALI YAKE

Mnamo Januari 2023 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 7. Serikali iliamua madarasa hayo ya katikati yawekwe katika shule za msingi, karibu na nyumbani kwa watoto. Wanafunzi hao wa kwanza walifika Gredi ya 9 mwaka 2025, na mwezi wa Januari 2026 wakaingia Gredi ya 10 katika sekondari ya juu.

Hali hiyo yaleta mambo ambayo shule za zamani hazikuyajua. Katika uwanja mmoja wamo watoto wadogo wa madarasa ya chini na vijana wanaoanza kubalehe. Mwanafunzi wa Gredi ya 9 hutazamwa na mamia ya watoto wadogo kuwa ndiye mkubwa wao, ingawa yeye mwenyewe angali mtoto. Tena madarasa ya katikati ni matatu tu. Kiongozi akiisha kuizoea kazi yake, huhama. Kwa sababu hiyo, shule isiyo na utaratibu ulioandikwa huanza upya kila mwaka.

Na umri huu ndio ufaao kuanza. Mtoto wa miaka 12 aliyejifunza kupeleka malalamiko ya wenzake kwa maneno ya heshima, na akaona yakijibiwa, hatakuwa na haja ya kutupa mawe atakapokuwa na miaka 17.

UCHAGUZI UFANYWE NAMNA GANI

Kwanza, wanafunzi waelezwe kazi kabla ya kuulizwa majina. Asiyejua kazi humchagua mrefu kuliko wote, au mwenye mbio, au mtoto wa tajiri agawaye mandazi.

Pili, kila darasa lichague wajumbe wawili, msichana mmoja na mvulana mmoja, kwa kura ya siri. Vipande vya karatasi na sanduku lenye tundu vyatosha. Kura zihesabiwe mbele ya wote, na mwalimu asimamie bila ya kutia mkono wake. Mtoto mwenye ulemavu asisahauliwe. Mara nyingi yeye ndiye ajuaye ni ngazi gani isiyopandika na ni choo gani kisichoingilika.

Tatu, wajumbe wachague miongoni mwao mwenyekiti, katibu, na wasimamizi wa mambo mbalimbali, kama vile usafi, chakula, michezo na mazingira.

Nne, kiongozi awe na muda wake, na iwepo njia ya kumwondoa akiharibu. Yule asiyeweza kuondolewa hasikilizi.

Mwalimu aweza kuwa na hofu kwamba watoto watamchagua mtundu. Huenda ikatokea. Lakini mtundu aliyechaguliwa mara nyingi hutulia, maana sasa ana jina la kulinda. Na asipotulia, wenzake watakuwa wamejifunza jambo ambalo watu wazima wengi hujifunza wakiwa wamechelewa.

KAZI YA KUPELEKA NA KURUDISHA

Kazi ya baraza la wanafunzi yaweza kuelezwa kwa maneno matatu: kusikiliza, kupeleka, na kurudisha jibu. Mabaraza mengi huyaweza mawili ya kwanza na kushindwa la tatu, na hapo ndipo imani ya wanafunzi hupotea.

Tuchukue mfano mdogo. Katika darasa la Gredi ya 7 wanafunzi wanasema kwamba bomba la maji la karibu na vyoo limekauka, nao hawana maji ya kunawa. Mjumbe wao asikimbilie kulipigia kelele mkutano wa asubuhi. Aende kwanza akalitazame bomba lenyewe. Kisha aliandike katika daftari la baraza, lililopigwa mistari minne: tarehe, jambo lenyewe, limepelekwa kwa nani, na jibu lililopatikana. Baraza likikutana, katibu hulisoma, na mwenyekiti hulipeleka kwa mwalimu mlezi au kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu hujibu, "Fundi atakuja Jumatano," au hujibu, "Fedha hazipo muhula huu, tutateka maji kwa ndoo." Jibu lolote liwalo, mjumbe hurudi darasani na kulisema kama lilivyo. Mwanafunzi aliyeambiwa "hapana" na sababu zake huvumilia kuliko yule asiyeambiwa neno.

Sasa tuchukue jambo zito. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, moto uliteketeza bweni la wavulana katika shule ya Hillside Endarasha Academy, huko Kieni, katika Kaunti ya Nyeri. Watoto 21 walikufa. Bweni hilo lilikuwa na watoto zaidi ya 150, nao walikuwa wa umri wa shule ya msingi na madarasa haya ya katikati tunayoyazungumza. Rais alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa, na miezi miwili baadaye Wizara ya Elimu iliamuru sehemu za bweni zifungwe katika mamia ya shule zilizokaguliwa zikaonekana hazifai.

Hatuutaji moto huo ili kumhukumu mtu yeyote. Twataka kuonyesha daftari la baraza lina thamani gani. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara mwaka 2008 wasema wazi kwamba milango ya bweni ifunguke kwa nje. Kwamba madirisha yasiwe na vyuma. Kwamba bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati. Kwamba nafasi ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, na kwamba bweni lisifungwe kwa nje kamwe watoto wakiwa ndani. Mkaguzi hufika shuleni siku moja katika mwaka. Mtoto hulala mle kila usiku. Yeye ndiye wa kwanza kujua kwamba vitanda vimesongamana, kwamba mlango wa nyuma umefungwa kwa kufuli, kwamba waya wa taa umechubuka na kutoa cheche.

Mtoto huyo akisema, je, lipo sikio la kumsikia? Akimwambia mjumbe wake, je, mjumbe ana ruhusa ya kuliandika na kulisema mbele ya mwalimu bila ya kuitwa mchochezi? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na pengine huo si ukuta bali ni kaburi.

HABARI ZA SHULE NA JAMII

Shule haikai peke yake. Katika Mathira, Othaya na Tetu, wakati wa mavuno ya kahawa baadhi ya watoto huonekana mashambani siku za masomo. Katika Kieni, mvua ikikosa, tumbo tupu huingia darasani pamoja na mtoto. Mambo haya mwanafunzi huyajua kabla ya mwalimu, kwa sababu ni jirani wa yule aliyekosa kuja. Mjumbe wa darasa aweza kumwambia mwalimu kwa siri, "Fulani haumwi, yuko shambani akimsaidia nyanya yake." Huko si kumsaliti mwenzake, bali ni kumwokoa, ikiwa shule itamwendea mzazi kwa upole na wala si kwa fimbo.

Habari hutoka shuleni vilevile kwenda kijijini. Baraza laweza kutunza ubao wa matangazo langoni, au kuandika karatasi moja kila mwezi ya kupelekwa nyumbani: siku ya wazazi ni lini, timu ya mpira wa wavu imeshinda wapi, miche mingapi imepandwa na mingapi imeshika, mto uliosafishwa ni upi. Mtaala wa umilisi wenyewe wahimiza wanafunzi wajifunze kwa kuitumikia jamii yao. Katika nchi aliyotoka Wangari Maathai, kitalu cha miche kinachotunzwa na watoto na kuwagawia wazazi ni somo lisilohitaji maelezo mengi.

Lakini yako mambo ambayo hayafai kuandikwa ubaoni. Jina la mtoto aliyeadhibiwa, la mtoto ambaye ada yake haijalipwa, la aliye mgonjwa, au la msichana aliyepatwa na shida, hayo si habari za hadhara. Na mtoto akimwambia kiongozi wake kwamba anapigwa au anaguswa vibaya na mtu mzima, kiongozi asijaribu kulimaliza yeye. Ni mtoto mwenziwe, na mzigo huo haumfai. Alipeleke siku hiyohiyo kwa mwalimu anayemwamini au kwa mzazi wake.

KUNDI DOGO NA KIONGOZI WAKE

Katika makaburi ya Mtakatifu Petro mjini Nyeri amezikwa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941 katika nyumba yake ndogo ya Paxtu. Maskauti kutoka nchi nyingi huja kulizuru kaburi hilo. Jambo moja katika mpango wake lafaa kukumbukwa na kila mwalimu. Aliwagawanya wavulana katika vikosi vidogo vya watu kama sita hadi wanane, na kila kikosi kikawa na kiongozi wake aliye kijana kama wao. Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Katika kundi dogo kiongozi humjua kila mmoja kwa jina, hujua nani ameumwa na nani amekasirika. Kijana mmoja akipewa watu 200 hawezi kuwajua. Atawapigia kelele tu. Shule yenye madarasa makubwa yaweza kufuata njia hiyo, kila meza au kila mstari uwe na mtu wake wa kumpa mjumbe wa darasa habari.

NENO LA MWISHO

Kwa walimu twasema: msimfanye kiongozi wa wanafunzi kuwa jicho lenu tu, mfanyeni pia kuwa mdomo wa wenzake. Msimpe chumba cha peke yake, wala sahani iliyojaa kuliko ya wengine. Akileta malalamiko, msimwulize kwanza ni nani aliyeyasema. Mwulizeni kama ni ya kweli.

Kwa wazazi twasema: mtoto akirudi na beji, mpongezeni, kisha mwulizeni ni jambo gani la wenzake alilolipeleka wiki hii, na jibu lilikuwa lipi. Na mkiwa wajumbe wa halmashauri ya shule, mwangalieni yule mwanafunzi aliyeketi kwenye kiti cha pembeni. Sheria imemweka pale. Mpeni nafasi ya kusema kabla ya chai kuletwa.

Na kwa ninyi wanafunzi mliochaguliwa: wazee walisema mkubwa ni jaa. Kila taka hutupwa kwake, naye hupokea. Mtaletewa mambo makubwa na madogo, ya haki na ya upuuzi, na wengine watawalaumu kwa yale msiyoyaweza. Yasikilizeni yote, yaandikeni yaliyo ya kweli, yapelekeni kwa adabu, na rudini na jibu. Mkifanya hivyo mwaka mzima, wenzenu watawajua kwa kazi yenu hata siku mtakapoivua beji.